Kilo za Mama Rosa

Kila Jumamosi, jua likiwa bado linapiga miayo, Mama Rosa aliketi kwenye pua ya boti ya Hemant, miguu ameinyoosha, leso ameifunga barabara juu ya jaketi la kuokolea, na ufuo mzima wa Dunga ulijua kwa nini yuko pale. Si undugu, maana Hemant ni Mhindi wa Milimani na Mama Rosa ni nyar Asembo, binti wa Asembo. Si mapenzi, maana Vaishali, mke wa Hemant, ndiye aliyempa mama huyo mto wa kukalia. Ilikuwa ni uzito tu.

Boti yenyewe ilikuwa nyeupe, fupi, nyepesi, na mgongoni imebebeshwa injini ya farasi mia mbili, kama mtoto wa darasa la pili aliyevalishwa koti la babake. Hemant, mwenye kiwanda cha mabeseni ya plastiki, aliinunua kwa mtu wa Naivasha aliyekuwa na haraka ya kuiuza, na haraka ile alikuja kuielewa baadaye. Ikienda polepole ilikuwa na adabu zake. Ukiiongeza moto, pua ilipanda, ikaanguka, ikapanda, ikaanguka, pu, pu, pu, kama chura aliyemwagiwa maji ya ugali, na Hemant ndani yake akijitafuna ulimi.

Fundi Laban alijaribu kila dawa. Laban alianza maisha na mashine za kusaga posho kule Sondu, kisha akahamia injini za majini kwa sababu, alisema, mashine ya posho haikupeleki popote. Alisogeza betri mbele. Akasogeza tangi la mafuta. Akapanga magunia ya mchanga puani. Moja likapasuka, na kwa mwezi mzima Hemant alirudi nyumbani na mchanga kwenye soksi. Siku moja, Laban akiwa amekata tamaa, jicho lake likamwangukia Mama Rosa, ambaye alikuwa amesimama majini akisugua beseni lake la samaki.

“Mama, hebu ingia hapa mbele kidogo.”

“Kwani nimekuwa mchanga?”

“Ingia tu, nyar Asembo. Nitakununulia soda.”

Akaingia. Boti ikatulia kama mtoto aliyepewa titi. Hemant alirudi ufuoni anacheka peke yake, na tangu siku hiyo miaka miwili ilikuwa imepita.

Sasa, usidhani Mama Rosa alikuwa akifanya sadaka. Hemant alikuwa na mazoea ya kukimbiza boti hadi Asembo Bay kila Jumamosi, na Asembo Bay ndiko mitumbwi ya mvuvi Obonyo ilikotia nanga na samaki wa alfajiri. Debra, mshindani wa Mama Rosa katika kuuza samaki soko la Kibuye, alienda kwa barabara. Alidamka jogoo wakiwa bado wanaota, akabanwa kwenye gari, akafika saa mbili. Mama Rosa alilala usingizi wake wote, akapanda boti saa kumi na mbili na nusu, na saa moja na robo alikuwa mbele ya Obonyo akichagua ngege wenye macho ya kung'aa na mbuta ambao bado wamekasirika. Debra alipofika alikuta wale ambao Mama Rosa amewakataa. Samaki wenyewe hawakukanyaga boti ya Hemant, ambaye hali samaki na harufu yao humuumiza kichwa. Walirudi Kisumu kwa gari, probox ya mpwa wa Obonyo, wamelala kwenye barafu. Ndiyo maana pale Kibuye watu walipanga foleni kwa Mama Rosa na kwa Debra nzi ndio walipanga foleni.

Wengine wana shamba, Mama Rosa alipenda kusema, wengine wana vyeti. Mimi nina kiti.

Aliyekuja kukitikisa kiti hicho alikuwa Gurjit.

Gurjit alikuwa rafiki wa Hemant tangu shule ya msingi, mtu wa gereji ya malori, kilemba cha buluu, na kicheko cha kusikika ng'ambo ya ghuba. Alizaliwa Kisumu na Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko cha machifu kadhaa. Boti yake nyekundu ilikuwa na injini ndogo kidogo, lakini ilikwenda imelala sawa juu ya maji kama pasi juu ya shati. Wawili hao walishindana hadi Asembo, na sharti lao lilikuwa moja: aliyeshindwa anaiosha boti ya mwenzake palepale Dunga, kwa sabuni na sponji, watu wakiangalia. Tangu Mama Rosa aketi puani, mwenye kuosha alikuwa Gurjit.

“Omera, ndugu yangu Hemant,” alisema siku moja, amepiga magoti kwenye maji, povu hadi kwenye viwiko, “hii si boti, hii ni ambulansi. Siku mama akishikwa na malaria, wewe unabaki nyumbani?”

“Umeshindwa, Gurjit. Sugua.”

“Nasugua. Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mimi na wewe, na hakuna mtu puani. Hakuna mtu puani! Ukinishinda hivyo, nitakuoshea boti mwaka mzima. Nikikushinda, utanioshea yangu, na utavaa aproni ya Vaishali. Ile ya maua.”

Ufuo ulicheka. Wakaanga samaki waliacha samaki waungue ili wacheke vizuri. Hemant akageuka rangi ya nyanya, na kabla jioni haijaingia alikuwa amempigia Laban simu.

Mama Rosa alizipata habari hizo kesho yake, na hakwenda kwa Laban mikono mitupu. Alimpelekea vichwa viwili vya mbuta, vya kukaanga, vimefunikwa kwa sahani.

“Ni nini hiyo anataka kuweka kwa boti?”

“Inaitwa trimu,” Laban akasema, mdomo umejaa. “Ni mabamba mawili ya chuma. Moja huku, moja huku, yanafungwa nyuma ya boti, chini kabisa, injini iko katikati. Kuna swichi. Ukibonyeza, bamba linainama, maji yanaligonga, nyuma inainuka. Nyuma ikiinuka, pua inafanya nini?”

“Inashuka.”

“Basi.”

Mama Rosa akafikiri kidogo. “Kwa hiyo ni mimi wa chuma.”

“Ni wewe wa chuma,” Laban akakubali, akinyonya jicho la samaki. “Na haiombi soda.”

“Na ikikataa kufanya kazi?”

“Haiwezi kukataa, ukichagua saizi. Boti ya mbio, nyepesi kama hii, inataka ndogo, upana wa kiganja na nusu. Gurjit ako nazo hizo. Ukiweka kubwa, zile za boti ya kubeba watalii, ukizishusha pua inazama kama bata akitafuta konokono, na usukani unalewa.” Hapo akasita. Aliona Mama Rosa ametulia mno. “Nyar Asembo, mimi sijasema kitu.”

“Na mimi sijasikia kitu. Kula na hicho kichwa kingine.”

Jumatatu Hemant alikuja ufuoni na kijitabu na kalamu. Alikuwa mtu wa vipimo. Hakuna beseni lililotoka kiwandani kwake bila kupimwa unene mara mbili. Alikuwa akimuuliza Laban juu ya saizi, na Laban alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kusema “kiganja na nusu”, Mama Rosa alipopita pale, kwa bahati tu, bahati aliyokuwa ameingojea nyuma ya mtumbwi kwa nusu saa.

“Bwana Hemant, samahani. Hiyo chuma inakuja kufanya kazi yangu, donge, si ndiyo?”

“Ndiyo, mama. Usikasirike. Ni Gurjit.”

“Sijakasirika. Lakini utajua aje saizi ya chuma kama hujui kazi yangu ni kilo ngapi?”

Hemant akamtazama kama mtu aliyeona mlango mahali palipokuwa na ukuta. “Laban! Umesikia? Huyu mama ana akili kutushinda sisi wote.”

“Boss, si lazima kupima mtu. Watu wanaangalia urefu wa boti na spidi yake, halafu...”

“Laban. Hii ni hesabu. Kesho tunapima.”

Jioni hiyo Mama Rosa alikwenda Kibuye kwa Mzee Wakhisi, muuza viazi, mmoja wa watu wachache waliobaki na mizani ya zamani ya vyuma.

“Mzee, niazime vyuma vyako hadi kesho jioni.”

“Vya kufanyia nini?”

“Vya kupimia ukweli.”

Wakhisi alijifanya hana haja ya kujua zaidi. Akampa vyuma vitano vya kilo tano tano na kimoja kidogo cha mbili. Usiku Mama Rosa alishona mshipi wa gunia wenye mifuko sita, na asubuhi akaufunga kiunoni chini ya gauni, juu yake leso, juu ya leso leso nyingine. Kutoka nyumbani hadi ufuoni alitembea kama bibi harusi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; hawakusema kama kinakupa hesabu nzuri.

Pale Dunga kuna boriti ambapo huning'inizwa mizani ya mbuta wakubwa. Laban alifunga kamba nene mfano wa bembea, na Mama Rosa akakalia. Watu walikuwa wamejaa. Wanaume wanne wakavuta. Alipoinuka kutoka mchangani, kitu chini ya leso kikalia, kling.

Mama Rosa akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kifua.

“Pole, mama,” Hemant akasema. Kisha akasoma mizani. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. “Mia moja na arobaini?”

Ufuo ukasogea kusoma. Hata mwari, wale ndege wa midomo mirefu, walisogea.

“Lakini mama,” Hemant akasema kwa sauti ya chini, ya heshima, “mwaka jana uliniambia mia moja na kumi na tatu.”

“Mwaka jana ulimuuliza mwanamke kilo zake, Bwana Hemant. Ulitaka akwambie nini?”

Kina mama wakapiga makofi na vigelegele. Hemant akaandika 140 kwenye kijitabu, akapiga mstari chini yake mara mbili, na mchana ule akaagiza mabamba kutoka Mombasa, makubwa kuliko yote yaliyokuwa dukani.

Yalifika kwa basi siku ya Jumatano, wiki ile ile ya mashindano. Laban alifungua sanduku, akatoa bamba moja kwa mikono miwili.

“Boss, hizi ni milango ya choo.”

“Mama ni kilo mia moja na arobaini, Laban.”

“Nitasema mara moja tu, na shahidi yuko hapa: ndogo zingetosha.”

“Hesabu haidanganyi.”

Laban akamtazama Mama Rosa. Mama Rosa akalitazama ziwa.

Lakini kazi ni kazi, na Laban hakuwa mtu wa kuharibu kazi hata kama kazi yenyewe ni ya kipumbavu. Boti iliinuliwa kwenye trela. Alilala chali chini yake na rula ndefu, akailaza kwenye tumbo la boti ili bamba lisije likaning'inia chini kulipita. Akapima kutoka ukingo wa kulia, akapima kutoka ukingo wa kushoto, akapiga chaki, akafuta, akapima tena. Mabamba yalikuwa mapana kiasi kwamba yalikaribia kuigusa injini pande zote mbili. Kila alipotaka kushika drili aliiweka chini kwanza akavuta pumzi. “Shimo kwa boti ni kama neno kwa mama mkwe,” alimwambia Mama Rosa, aliyekuja kutazama na kikombe cha chai. “Likishatoka, limetoka.” Kila shimo akalijaza gundi ya kuzuia maji kabla ya kukaza skrubu, gundi ikafura pembeni, akaifuta kwa kidole. Waya akazipitisha juu, mbali na maji, hadi kwenye swichi mbili kando ya usukani.

Hemant alibonyeza swichi ya kushoto. Bamba la kulia likashuka.

“Laban! Umekosea waya!”

“Sijakosea. Swichi haiongei na bamba, inaongea na pua. Ukitaka pua ishuke kushoto, lazima nyuma kulia iinuke. Nani ataiinua? Bamba la kulia.”

Hemant aliomba aelezwe tena. Akaelezwa tena. Mama Rosa, na chai yake, aliipata mara ya kwanza. Aliinama kushoto kidogo, akainama kulia, akajiona yuko puani, akatikisa kichwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya na makalio yake kwa miaka miwili. Alikuwa hajui tu kwamba kuna swichi yake.

Ijumaa asubuhi wakajaribu. Hemant alitoka peke yake, kifua mbele, akapita vizimba vya samaki, akaongeza moto, akabonyeza swichi zote mbili hadi mwisho, maana kitu umekinunua kizima utatumiaje nusu? Boti ilikimbia mita mia. Kisha pua ikainama, ikachota maji kama kata, boti ikajigeuza ubavu kwa hasira, na Hemant akapotea ndani ya wimbi lake mwenyewe.

Ufuoni watu waliinuka. Mama Rosa alishika kichwa. Alikuwa ametaka mabamba yashindwe, ndiyo, hakuwa ametaka mtu afe. Alihesabu hadi sita ndipo injini ikazimika na kichwa cha Hemant kikaonekana, mikono bado imeshikilia usukani, nywele zimelala.

Alirudi polepole. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka na damu ilimdondokea kwenye shati. Mama Rosa akampa ncha ya leso yake. Haya, akajiambia. Angalau yamekwisha. Atazitupa hizo chuma.

“Laban,” Hemant akasema kupitia leso, “toa hizi. Kesho nitashindwa, nitavaa aproni, basi. Lakini Jumatatu niagizie zile ndogo ulizosema.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mama Rosa aliyaona yote kwa mara moja: ndogo zitakuja, ndogo zitafanya kazi, na yeye atakuwa amesimama stendi gizani bega kwa bega na Debra, wakigombania samaki wa macho mekundu. Laban alikuwa tayari ameshika spana.

“Bwana Hemant,” Mama Rosa akasema, “chuma haina makosa.”

“Haina makosa! Angalia mdomo wangu!”

“Pole sana. Lakini ngoja. Hesabu yako ni sawa. Chuma inasukuma pua chini na kilo mia moja na arobaini, donge? Na nyuma umeweka nini? Hakuna. Mizani ukijaza upande mmoja, huu mwingine utaacha mtupu?”

Hemant akashusha leso.

“Si mtu anaweza kukaa nyuma?” Mama Rosa akaendelea, taratibu, kama mtu anayemvua samaki ndoana bila kumchana mdomo.

“Gurjit alisema bila mtu.”

“Alisema bila mtu puani. Tena alirudia. Ufuo wote ulisikia. Nyuma hakutaja.”

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Hemant alitabasamu, ikamuuma, akatabasamu hata hivyo. Spana ya Laban ilianguka kwenye maji.

Kesho yake, Mama Rosa alipopanda boti na kwenda kuketi nyuma, kwenye kiti kirefu cha ngozi ambacho hajawahi kukikalia, Gurjit alishika tumbo kwa kicheko.

“Yawa! Umenunua chuma na bado umebeba mama!”

“Yuko puani?” Hemant akauliza.

Gurjit akafungua mdomo, akaangalia ufuo, ufuo ukamwangalia. “Sawa,” akasema. “Sawa. Mbebe. Hata mpishi mbebe.”

Laban akapeperusha fulana yake na boti mbili zikaondoka. Hemant akabonyeza swichi hadi mwisho. Pua haikuzama, kwa kuwa kweli nyuma kulikuwa na mtu, lakini boti ilikuwa nzito, inaburura, kama mtu anayekimbia na ndoo mbili. Injini ililia. Boti nyekundu ilisonga mbele mita kumi, thelathini, mia. Kisiwa cha Ndere kilipotokea kulia kwao, kilemba cha Gurjit kilikuwa doa la buluu tu, na mkono wake ulikuwa unawapungia.

Mama Rosa alijua tatizo ni nini. Maji yaliyoruka nyuma ya mabamba yalikuwa ukuta. Milango ya choo ilikuwa imeshushwa yote hadi mwisho. Akijikalia kimya, Hemant atashindwa, na akishindwa ataagiza ndogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiharibu boti hii, na sasa hakuna mwingine wa kuitengeneza.

Hemant alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Mama Rosa akajisogeza ukingoni mwa kiti, akanyoosha mkono kando ya kiwiko chake, akagusa swichi. Juu kidogo. Akasikiliza, si kwa masikio. Chini yake boti ilivuta pumzi. Akagusa tena. Pua ikainuka, ukuta wa maji ukapungua, sauti ya injini ikabadilika kutoka kilio hadi wimbo. Akagusa tena, na hapo akasikia mwanzo wa ile pu, ile ya chura, mbali sana, kama mgeni anayebisha hodi mlango wa jirani. Akarudisha nukta moja. Ikatulia. Upepo wa ubavuni ukainamisha boti kulia. Akabonyeza kushoto kidogo, bamba la kulia likafanya kazi yake, boti ikanyooka.

“Mama!” Hemant akapiga kelele bila kugeuka. “Unasikia? Hesabu imeanza kufanya kazi!”

“Nasikia, Bwana Hemant! Kimbiza!”

Walimkuta Gurjit akiwa bado ameinua mkono wa kupunga. Alisahau kuushusha. Walipita karibu naye hivi kwamba Mama Rosa aliweza kumsalimia kwa jina, na Asembo Bay waliingia mbele yake kwa urefu wa mitumbwi minne. Obonyo alikuwa ndiyo kwanza anafungua nyavu. Debra alikuwa bado yuko njiani, mahali fulani, goti la mtu likiwa mbavuni mwake.

Mchana ule Dunga ilijaa. Gurjit alipiga magoti na sponji yake, na Hemant, mdomo umevimba, akasimama juu ya trela akahubiri. Siri, alisema, ni mizani. Chuma kwa ajili ya pua, mtu kwa ajili ya nyuma. Ukiwa na kimoja bila kingine umekwisha. Watu waliitikia. Sponji la Gurjit, aliyekuwa akimsikiliza, lilikuwa limesimama mahali pamoja muda mrefu.

Laban alimsogelea Mama Rosa kando. “Na hutamwambia kwamba hizo chuma zikipandishwa kidogo tu, boti itakimbia zaidi bila wewe kupanda?”

“Aniulize.”

“Hawezi kukuuliza. Hajui.”

“Basi tusimsumbue. Kesho nitakuletea mbuta mzima.”

Siku sita mambo yalikuwa mazuri. Ijumaa jioni Mama Rosa akasikia kelele pale kwenye boriti ya mizani, akaenda kuona. Gurjit alikuwa amesimama na karatasi na kalamu. Kwenye bembea ya kamba alikuwa ameketi Debra, Debra mwembamba kama fito, amevaa leso mbili moja juu ya nyingine, kiuno kimejaa ghafla kuliko mwili mwingine wote.

Wanaume wakavuta. Kling.

Debra akakohoa.

Kikohozi kile Mama Rosa alikijua. Na vyuma vile alivijua kwa sauti, kama unavyojua sufuria zako zikigongwa kwa jirani. Mzee Wakhisi na mdomo wake! Debra alimwona kati ya watu, wakatazamana. Macho ya Debra yalisema: haya, nitaje, na mimi nitakutaja. Kesho asubuhi wangekuwa wawili mbele ya Obonyo, saa moja na robo, na wa kwanza kuruka mchangani ndiye mwenye kuchagua.

“Tisini na moja,” Gurjit akasoma, akakuna ndevu. “Nitamweka nyuma, kama Hemant. Mama Rosa, wewe ndiye mtaalamu. Unaonaje?”

Mama Rosa alimzunguka Debra polepole, kama anayekagua mbuta. Alifikiria boti nyekundu, yenye trimu zake ndogo za kiganja na nusu, zilizochaguliwa vizuri, zisizohitaji mtu yeyote popote. Alifikiria mkia wa boti hiyo ukikaa majini chini ya kilo tisini na moja, na injini yake ndogo.

“Bwana Gurjit,” akasema kwa huzuni kidogo, “tisini na moja? Hemant ako na mia moja na arobaini. Unataka kuosha boti hadi uzee?”

“Sasa nifanye nini?”

“Mwanamke ni huyu, hana makosa, abaki. Lakini muongezee. Laban bado ana yale magunia ya mchanga. Weka mawili, hapa na hapa, kando yake.”

“Mawili tu?”

“Matatu, kama utapata.”

Gurjit akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa Kijaluo safi. Nyuma ya umati Laban aligeukia ziwa, mabega yakimtikisika, na mtu akampiga mgongoni akidhani amepaliwa.

Asubuhi, boti nyekundu iliondoka na mkia majini na pua ikiangalia mbinguni, Debra ameshikilia magunia huku na huku. Mama Rosa aliketi kwenye kiti chake cha ngozi, akapangusa kidole kwa leso, akakiweka kwenye swichi.

Kule Asembo, Mama Rosa alichagua samaki wake mmoja mmoja, akiwafungua mashavu, akiwarudisha, akibadili nia. Alikunywa na chai ya Obonyo, kikombe kizima, boti nyekundu ikiwa bado haijaonekana. Muda alikuwa nao.